MainStage: programu ya dola 30 kwa mpiga piano aliyekabidhiwa bendi ya tamthilia

Mpiga piano wa jazi akikabidhiwa kuongoza muziki wa tamthilia, mikono yake haina tatizo. Akodi anazijua, kusoma anasoma, na mwimbaji akiruka mstari anajua kumfuata. Kinachomzidi ni miguu na macho. Kwenye jazi anakaa na sauti moja ya piano usiku kucha. Kwenye tamthilia anapiga kinanda cha kwanza, anaongoza bendi kwa kichwa na kwa mkono wowote ulio wazi, anamtazama mwigizaji atavuta pumzi lini, na wakati huohuo kitabu kilicho mbele yake kinamtaka awe piano, kisha nyuzi, kisha ogani, kisha kengele, yote ndani ya wimbo mmoja.

MainStage ya Apple ilitengenezwa kwa kazi ya namna hii: kuigeuza kompyuta kuwa rundo la vinanda vinavyobadilishwa kwa mguu. Inauzwa dola 29.99 na unalipa mara moja. Kwa bei hiyo hakuna kinachoikaribia. Ila piano yake haimridhishi mtu wa jazi, haikubali kompyuta nyingine zaidi ya Mac, na ukiipanga ovyo itakuumbua mbele ya watu hata kama hakuna kifaa kilichoharibika. Sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu hilo la mwisho, maana lawama nyingi zinazotupiwa programu hii ni za mpangilio.

Ilitoka mara ya kwanza mwaka 2007 ikiwa ndani ya furushi la Logic Studio. Toleo la 3 lilitoka mwaka 2013. Sauti zake nyingi ni zilezile za Logic Pro, programu ya kurekodia inayouzwa karibu dola 200, kwa hiyo mnunuzi anapata ghala la Logic kwa sehemu ndogo ya bei. Kinachoshuka mwanzo ni programu na sauti chache tu. Ghala zima ni makumi ya GB na linapakuliwa kutoka ndani ya programu yenyewe. Usipakue lote. Chukua piano, piano za umeme, ogani, nyuzi, ala za kupuliza na sauti za sintesaiza, na umalize shughuli hiyo mahali penye intaneti ya uhakika kabla ya kufika ukumbini. Ukifungua faili iliyotengenezwa kwenye kompyuta ya mwenzako, orodha itaonekana kamili, lakini sauti ambazo wewe hujazipakua zitakuwa kimya. Programu hutoa onyo. Mwenye haraka hulifunga bila kulisoma.

Kwa nini mpiga kinanda mmoja atakiwe kuwa watu wanne? Pesa na nafasi. Mwaka 2003 wanamuziki wa Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za tamthilia huko New York, waligoma kwa siku nne, kuanzia tarehe 7 hadi 11 Machi, wakivutana na wazalishaji kuhusu idadi ya chini ya wanamuziki ambayo kila ukumbi lazima uajiri. Walirudi kazini na mapatano yaliyoishusha idadi hiyo, kwenye kumbi kubwa kabisa, kutoka 24 hadi 26 ikawa 18 hadi 19. Na hizo ni kumbi za matajiri. Tamthilia ya muziki ya Hamilton iliyoingia Broadway mwaka 2015 ina bendi ya watu 10, vinanda viwili vikiwamo, na Alex Lacamoire aliyeipangia muziki aliiongoza akiwa ameketi kwenye kinanda. Huko kuna mtu anayelipwa kwa kazi moja tu ya kupanga sauti za vinanda. Randy Cohen amefanya kazi hiyo kwenye maonyesho mengi ya Broadway. Kwenye kikundi cha chuo, cha shule au cha mtaa mtu huyo hayupo. Kazi hiyo inamwangukia kiongozi wa muziki mwenyewe, usiku, mazoezi yakishaisha.

Sasa mpangilio. Faili ya MainStage huitwa konseti. Ndani ya konseti kuna seti, na ndani ya seti kuna pachi. Pachi moja ni hali moja ya kinanda: sauti gani inalia, kwenye vibonyezo vipi, kwa nguvu gani. Mpiga jazi anayeanza hupanga pachi kwa majina ya sauti: Piano, Rhodes (piano ya umeme), Ogani, Nyuzi. Kwenye klabu hiyo inatosha. Kwenye tamthilia ni kosa, kwa sababu utalazimika kutafuta kwa macho na kubonyeza kwa mkono, wakati macho yanatakiwa jukwaani na mikono iko kazini. Panga kwa mwendo wa onyesho. Kila wimbo uwe seti, na kila mabadiliko ya sauti yawe pachi inayofuata, hata kama sauti hiyo umekwisha itumia mara ishirini. Onyesho la saa mbili linaweza kufika pachi 80 au zaidi, na hilo si tatizo, kwa kuwa wewe unahitaji kitendo kimoja tu: kwenda mbele.

Jina la pachi lianze na namba ya wimbo, kisha namba ya kipimo, yaani kile kichumba cha muziki kati ya mistari miwili ya wima. Tuchukue wimbo wa 7. Pachi zake zitasomeka hivi: "07-001 Piano", "07-017 Piano kushoto, nyuzi kulia", "07-045 Ogani", "07-061 Piano, rudia". Muziki mfupi wa kubadilishia mandhari, ambao vitabu huuandika 7A, upewe seti yake ya 07A. Faida inaonekana siku ya mazoezi. Mwongozaji anasema "tuanzie kipimo cha 45", nawe unajua pachi bila kukisia. Kwenye ukurasa wa karatasi weka alama kubwa ya penseli juu ya kila mahali pa kukanyaga, na uandike jina la pachi inayokuja, si ile unayoiacha. Kitabu cha kukodi kinarudishwa kikiwa kisafi, kwa hiyo penseli laini na si kalamu.

Kuna njia mbili za kuepuka kupakia piano ileile mara 60. Ya kwanza ni kuiweka kwenye ngazi ya konseti, ili ilie popote ulipo. Inaonekana rahisi, kumbe ina mtego: ala iliyowekwa ngazi ya juu inaitangulia ile ya ngazi ya chini kwenye vibonyezo vilevile. Piano ya konseti ikitandazwa kwenye vibonyezo vyote 88, nyuzi za pachi hazitasikika kabisa, nawe utabaki unahangaika na kadi ya sauti, yaani kile kifaa kinachotoa sauti ya kompyuta, isiyo na kosa lolote. Ya pili, ambayo ndiyo ya kufuata, ni kuibandika kama nakala kivuli. Piano inapakiwa mara moja kwenye kumbukumbu, na kila pachi inaielekea hiyohiyo. Ubaya wake ni kwamba ukiigusa mahali pamoja umeigusa kote. Ukishusha sauti ya nakala hiyo kwenye wimbo wa 3 kwa sababu mwimbaji ni mpole, umeishusha pia kwenye wimbo wa 12 ambako bendi nzima inapaza. Wimbo unaotaka piano ya peke yake upe nakala halisi, nyingine ziachie kivuli.

Kitu kinachoifanya programu hii istahili pesa zake ni jinsi inavyobadilisha pachi. Vinanda vingi vya zamani hukata sauti ghafla ukibadilisha. MainStage inaiacha noti iliyoshikwa iendelee kwa sauti ya zamani, na noti mpya ilie kwa sauti mpya. Maana yake kwa mpiga piano ni kubwa. Umeshika akodi ya nyuzi hadi mwisho wa kipimo cha 44, unakanyaga ukiwa bado umeishika kwenye pigo la nne, na kipimo cha 45 kinaanza na ogani bila tundu katikati. Ukikanyaga kabla ya kuinua pedali ya kuvuta sauti, nyuzi zitaendelea hadi uiachie. Kuna mpangilio unaoamua kama pachi ya zamani inyamazishwe papo hapo au isubiri noti zilizoshikwa ziishe. Hakikisha ni huo wa kusubiri. Vikwazo viwili. Pachi mbili nzito zikilia pamoja kwa nusu sekunde, kichakataji cha kompyuta kinabeba zote mbili, na hapo ndipo mikwaruzo hutokea. Na mwangwi wa ukumbi uliowekwa ndani ya pachi hubaki na pachi yake, kwa hiyo mwangwi uweke kwenye ngazi ya konseti na kila sauti itume kiasi chake huko.

Mguu wa kulia una pedali ya kuvuta sauti. Mguu wa kushoto uwe na pedali mbili: mbele na nyuma. Watu huweka ya mbele peke yake, na wakikanyaga mara moja zaidi hawana njia ya kurudi zaidi ya kuachia vibonyezo na kushika kompyuta. Pedali rahisi ya swichi inafaa, ikiunganishwa kwenye tundu la pili la kinanda ambacho hupeleka ishara zake kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Pedali hutuma thamani 127 ikikanyagwa na 0 ikiachiwa, na makosa yote ya kawaida yanatoka hapo. Ikiwekwa kama swichi ya kuwasha na kuzima badala ya ya kukanyaga na kuachia, mkanyago mmoja utafanya kazi na unaofuata hautafanya. Ikiwa polariti yake, yaani upande ambao swichi huhesabu kuwa imekanyagwa, ni ya kinyume, pachi itabadilika unapoinua mguu, na utashangaa kwa nini kila badiliko linachelewa kidogo. Vinanda vingi hutambua polariti vinapowashwa, kwa hiyo usiwashe kinanda ukiwa umekanyaga pedali. Ndicho chanzo cha ile hali ya piano kuvuta sauti muda wote na kukauka ukikanyaga. Pedali ya kupandisha na kushusha sauti ni hadithi nyingine: Yamaha FC7 na Roland EV-5 zote zina plagi ya mikondo mitatu, lakini nyaya za ndani hazikupangwa sawa. Ukichomeka isiyolingana na kinanda chako, sauti itaruka badala ya kupanda taratibu.

Tatizo la noti ya katikati limewapotezea watu muda mwingi. MainStage huiita C ya kati C3. Vitabu vingi vya Marekani huiita C4. Orodha ya sauti iliyo mwanzoni mwa kitabu cha kinanda ikisema gawa vibonyezo kwenye C4, nawe ukiandika C4 kwenye programu, mpaka wako umehama oktavu nzima kwenda juu. Piga noti yenyewe kwa kidole uone programu inaiitaje, kisha andika jina hilo.

Kuhusu ucheleweshaji, yaani muda kati ya kubonyeza na sauti kutoka, hesabu ni rahisi. Bafa (akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuitoa) ya sampuli 128 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 2.9. Ya 256 ni 5.8, ya 512 ni 11.6, na ya 1,024 ni 23.2, na juu ya hapo kadi ya sauti huongeza kidogo chake. Mpiga jazi atahisi kasoro kuanzia kwenye 512: mdundo wa mkono wa kulia unakuwa mzito na hajui kwa nini anaburuta nyuma ya dramu. Anza na 128. Ukisikia mikwaruzo panda hadi 256, na kama 256 nayo haitoshi, tatizo ni pachi nzito. Dawa yake si kupandisha bafa. Ala nzito ya kampuni nyingine unaweza kuigeuza sampuli, yaani rekodi za noti zake, kwa kifaa cha ndani kinachoitwa Auto Sampler, ambacho huipiga noti baada ya noti na kuihifadhi kama ala nyepesi. Inachukua muda, lakini inaokoa kompyuta ya zamani.

Sauti zenyewe sasa. Piano za umeme ni bora kuliko bei inavyoashiria. Rhodes na Wurlitzer zake zinatengenezwa kwa hesabu, hazitumii sampuli, hivyo hazili kumbukumbu na zinaitikia vidole vizuri: ukigusa polepole ni kengele, ukipiga kwa nguvu zinakoroma kama inavyotakiwa. Ogani ya Hammond ni nzuri hata kwa mtu wa jazi. Vuta vijiti vitatu vya kwanza hadi 8, vingine sita viache 0, washa swichi za percussion kwenye "third", "fast" na "soft", weka vibrato kwenye C3 (hapa ni jina la mpangilio wa ogani, si noti), na umefika kwenye sauti ambayo wafuasi wa mpiga ogani wa jazi Jimmy Smith wanaijua. Kasi ya Leslie, ile spika ya ogani inayozunguka, ipeleke kwenye gurudumu la modulesheni lililo kushoto mwa kinanda. Nyuzi na ala za shaba ziliboreshwa mwaka 2018 zilipoongezwa Studio Strings na Studio Horns. Nyuzi zinapita, hasa zikifichwa nyuma ya vayolini moja ya kweli. Shaba hazipiti. Kwenye wimbo wa mtindo wa bendi kubwa, mipigo mifupi ya tarumbeta tatu kwa kinanda hudanganya sekunde mbili za kwanza tu. Tafuta hata tarumbeta moja hai, nayo kompyuta ijaze chini yake.

Piano kuu ndiyo inayoangusha. Ile ya Steinway iliyomo inatosha kumfundishia kwaya, na ndani ya bendi yenye dramu na gitaa hakuna atakayelalamika. Ikibaki peke yake na mwimbaji kwenye wimbo wa polepole, mpito kati ya kugusa kwa upole na kugusa kwa nguvu unasikika kama ngazi, na mpiga jazi aliyezoea kucheza ndani ya akodi moja kwa uzito tofauti wa kila kidole anakosa pa kukaa. Njia ya kutoka ni kuongeza piano ya kampuni nyingine. MainStage inapokea ala za Audio Units pekee, yaani mfumo wa Apple wa programu za nyongeza za sauti, kwa hiyo angalia hilo kabla ya kununua. Pianoteq ya Modartt inafaa hapa: imejengwa kwa hesabu, inachukua MB makumi badala ya GB, na mpito wake ni laini. Bei yake inazidi ya MainStage mara kadhaa. Ndiyo hali halisi. Dola 30 hazinunui kila kitu.

Na kuna maonyesho ambayo hayahitaji programu hii hata kidogo. Luther Henderson, aliyezaliwa 1919 na kufariki 2003, alikuwa mpiga piano na mpangaji muziki aliyefanya kazi na Duke Ellington na Lena Horne kabla jina lake halijawa la kudumu Broadway. Kwenye onyesho la Ain't Misbehavin' la mwaka 1978, lililojengwa juu ya muziki wa mpiga piano wa jazi Fats Waller, alipanga muziki na akapiga piano akiwa jukwaani mbele ya watazamaji. Mtindo ule unautaka mkono wa kushoto uruke kutoka besi hadi akodi bila kupumzika, na mzigo wote uko kwenye mguso. Ukipewa kazi ya namna hiyo, tumia bajeti ya vifaa kumlipa fundi wa piano aje aitune ya ukumbini, mara moja kabla ya mazoezi ya mavazi na mara nyingine siku ya ufunguzi. MainStage ibaki nyumbani.

Kusawazisha sauti kati ya pachi ni kazi ya siku nzima na haifanyiki kwenye vipokea sauti vya masikioni. Masikioni, ogani na piano zitaonekana sawa. Ukumbini, besi na dramu zikiingia, ogani itaifunika bendi na kengele zitapotea. Omba saa moja na fundi mitambo pamoja na mpiga besi na mpiga dramu, pitia kila pachi kwa kipimo kimoja au viwili, na urekebishe ndani ya MainStage. Fundi mitambo aweke kidhibiti cha kinanda mahali pamoja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) na asikiguse. Akianza kukufuata pachi kwa pachi, nawe ukirekebisha, kesho yake hakuna anayejua nani alishusha nini.

Waya za kutoka kwenye kadi ya sauti zipite kwenye kisanduku cha DI, kile kinachoiandaa sauti ya kifaa ili iingie vizuri kwenye mikisa. Ukisikia mngurumo wa chini unaoendelea, chomoa chaja ya kompyuta. Mngurumo ukikoma, umepata mzunguko wa ethi: kompyuta imefika ardhini kwa chaja na tena kwa waya wa sauti unaokwenda kwenye mikisa. Bonyeza swichi ya kukata ethi iliyo kwenye DI. Usikate pini ya ethi ya plagi, hata fundi akikuambia ndivyo wanavyofanya siku zote. Mahali umeme unapokatika na jenereta kuchukua sekunde kadhaa kuwaka, kadi inayolishwa na USB ni salama kuliko yenye adapta yake, kwa kuwa betri ya kompyuta inaibeba. Kadi ikizimika, sauti inaweza kuhamia kwenye spika za kompyuta yenyewe, na umeme ukirudi unajikuta unapiga kimya huku pachi zinabadilika kama kawaida. Kagua hilo kwa makusudi siku ya mazoezi: zima kila kitu ukutani, washa tena, uone nini kinarudi chenyewe.

Kabla ya wiki ya onyesho, zima masasisho ya mfumo, zima arifa, zima Wi-Fi, na uzuie kompyuta isilale. Toleo jipya la macOS linaloingia siku mbili kabla ya ufunguzi halina faida yoyote inayolingana na hatari yake. Kompyuta ikae kushoto, chini ya usawa wa macho, pembeni ya kinanda. Watu wanapenda kuiweka juu ya kinanda, katikati, na hapo inaziba uso wa kiongozi, ambao ndio fimbo yake. Bendi na waigizaji wanasoma kidevu na nyusi. Tumia hali ya kuonyesha kwa skrini nzima, ukibakiza maandishi mawili makubwa tu: pachi ya sasa na inayofuata. Zile picha za vitufe vya kuzungusha na vipimo vinavyong'aa ni mapambo.

Kwa anayenunua kompyuta ya mkono wa pili, tahadhari moja ya pesa. Toleo jipya la MainStage hudai macOS ya karibuni. Mac ya zamani isiyofika hapo itakataliwa ukijaribu kuinunua kwa mara ya kwanza. Aliyewahi kuinunua kwa akaunti yake huweza kupewa toleo la nyuma linalokubali. Uliza ni macOS gani ya mwisho ambayo kompyuta hiyo inapokea kabla hujatoa hela. Kumbukumbu ya GB 8 inatosha kwa onyesho lililopangwa kwa nakala kivuli na ala za ndani. Ukiongeza piano nzito za sampuli, tafuta GB 16. Kwa mwenye Windows, Cantabile na Gig Performer hufanya kazi hiihii, ya pili ikiwa na toleo la Mac pia. Ni ghali zaidi, haziji na ghala la sauti kama hili, lakini ni nafuu kuliko kununua Mac kwa ajili ya programu moja. Anayefanya jazi tu, sauti mbili tatu kwa usiku, hahitaji yoyote kati ya hizi. Kinanda kizuri cha vibonyezo 88 vyenye uzito kitamtosha, na asubuhi hatakuwa na nyaya za kukunja.

Kama tamthilia yako ni ya kukodi, uliza kwanza kama sauti zimekwisha tengenezwa. Kampuni za haki za maonyesho, Music Theatre International ikiwamo, hutoa kwa malipo ya ziada faili zilizopangwa tayari kwa baadhi ya maonyesho. Zinapunguza kazi ya wiki kuwa ya jioni moja. Ila zimepangwa kwa mfuatano wa kitabu, kwa hiyo mwongozaji akikata ubeti au akihamisha wimbo, ni wewe utakayefuta na kupanga upya. Na mwimbaji wa akiba akihitaji wimbo ushushwe toni moja, kumbuka kwamba kuhamisha ufunguo ndani ya programu kunaweza kuhamisha pia mipaka ya mkono wako wa kushoto na mlio wowote maalumu uliowekwa kwenye kibonyezo kimoja. Mlio wa simu uliokuwa kwenye noti ya mwisho juu huenda usiwe hapo tena.

Jambo la mwisho la kufunga kabla ya mlango kufunguliwa: kinanda chenyewe kiwe na piano yake ya ndani, na waya wa pili utoke humo moja kwa moja hadi chaneli nyingine ya mikisa, ikiwa imeshushwa. Kompyuta ikiganda kipimo cha 30, fundi mitambo anapandisha chaneli hiyo, nawe unaendelea na piano hadi makofi. Mpangie ishara ya mkono, na ijaribuni pamoja mara mbili kwenye mazoezi ya mavazi.